Asigeuke Mtu

Siku ya kwanza tulizunguka mara saba mahali pamoja, hatua ishirini kutoka ufukweni, mbele ya kijiji kizima. Nasema mara saba kwa sababu watoto wa shule walikuwa wakihesabu kwa sauti. Mwalimu wao hakuwanyamazisha. Naye alikuwa anahesabu.

Mimi ni Scholastika, na wakati ule nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Wazo la kuwatia wakulima wanne ndani ya boti na kuwaambia wapige makasia lilikuwa langu, kwa hiyo na kicheko kile kilikuwa changu. Sikukikataa. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, nimeshachekwa kwa mambo makubwa kuliko hayo.

Sisi si watu wa ziwa. Tulitoka Nyamahanga, kwenye migomba yetu, mwaka sabini na nne, Operesheni ya vijiji ilipotuteremsha hadi ukingo wa ghuba ili tuishi pamoja. Viwanja vilipimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa mistari miwili inayotazamana, na ofisi ya kijiji ikajengwa chini karibu na maji, ikapakwa chokaa. Juu mlimani tukajenga ghala la pamba la bati. Baada ya miaka miwili tukaletewa boti ya mradi wa uvuvi: makasia manne, usukani mmoja, na vijana sita kutoka visiwani wa kuiendesha. Sisi tulilima pamba na kula samaki. Boti ilikuwa na wenyewe.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa sabini na nane vijana wale sita waliingia mgambo wakaenda mpakani, pamoja na vijana wetu wote wenye miguu mizima, na lori la kijiji likawafuata na magunia ya mahindi. Vijana tuliwaombea misa. Lori nalo tuliliombea, ila kimoyomoyo.

Hapo ndipo tumbo la Deodata lilipoanza kuonekana.

Deodata alikuwa binti wa nyumba ya tatu katika nyumba zangu kumi, ameolewa nyumba ya nane. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani baada ya uchungu wa siku tatu, na yeye mwenyewe aliokolewa na lori, lililompeleka hospitali ya misheni ng'ambo ya ghuba. Sasa lori lilikuwa vitani. Esperansia, muuguzi wa zahanati yetu, aliniita pembeni mwezi wa pili, akanieleza bila kuzungusha maneno.

"Mama mjumbe, huyu asizalie hapa. Nyonga yake haipitishi mtoto. Akizalia hapa mtachimba kaburi, labda mawili."

Kwa machela, kuizunguka ghuba ni siku mbili. Kwa maji ni saa moja na nusu, lakini boti iende moja kwa moja. Ikienda upogo ni nusu siku, na mchana wa masika upepo hushuka kutoka kaskazini, mawimbi yakapanda, na mtu asiyejua maji hana la kufanya ila kusali. Kwa hiyo kunyoosha boti halikuwa jambo la mashindano. Lilikuwa uhai wa Deodata.

Nikatafuta watu. Nilimpata Limi, jirani yangu Msukuma, mwanamke anayebeba gunia la pamba bila kuombwa mara mbili. Nilimpata Bernardo, katekista, miaka sitini, asiye na nguvu nyingi lakini mwenye sauti. Nikajihesabu mimi. Wa nne alikuwa Leonidas, mume wa Deodata. Jeshi lilimkataa kwa sababu shoka lilikuwa limekula vidole vyake viwili vya mguu. Mikono yake ilikuwa mizima, na macho yake yalikuwa sifa ya kijiji. Mistari ya shamba la ujamaa, ekari arobaini, aliipanga yeye kwa vigingi viwili tu: anasimama, anafumba jicho moja, kigingi cha mbele kikificha cha nyuma anasema hapo. Bwana shamba wa wilaya alikuja kuipiga picha mistari ile.

Ikabaki usukani. Katika kijiji kizima mtu mmoja tu ndiye aliyekulia ndani ya chombo, naye ni Theodosia, Mzinza, binti wa mvushaji, aliyezaliwa kisiwani kabla ya kuolewa milimani kwetu. Alikuwa mwembamba, mkavu, haongei mpaka aulizwe. Nilipomwendea alisema, "Nitashika," akaendelea kupepeta mtama. Sikuhitaji kumbembeleza, kwa kuwa Deodata alikuwa mwanawe.

Yaani alikuwa mama mkwe wa Leonidas. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado sikulifikiria. Hasara ya watu wenye haraka ndiyo hiyo, wanaona kazi, hawaoni watu.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamtaji jina, hali mbele yake, na hasemi naye ila kwa kupitia mtu wa tatu. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Huko Nyamahanga hilo lilikuwa jepesi, kila mtu na kilima chake. Lakini yule aliyepima viwanja kwa kamba hakuuliza nani mkwe wa nani, akawapa nyumba zinazotazamana, mlango kwa mlango. Leonidas hakubishana na serikali. Aliuziba mlango wake wa mbele kwa matofali ya udongo, akatoboa mwingine nyuma, na kwa miaka mitano akawa anatoka kwake kupitia shimo la jalala.

Basi mimi mtu huyo nilimkalisha goti kwa goti na mama mkwe wake.

Wapiga makasia huipa kisogo safari yao. Wanatazama walikotoka, na anayewatazama wao ni mshika usukani peke yake, aliyekaa tezi, nyuma kabisa. Boti yetu ilikuwa na mabao mawili ya kukalia. Lile la karibu na usukani ndilo la wenye nguvu, kwa kuwa wao ndio wanaotoa mwendo. Nikawaweka hapo Leonidas na Limi, bega kwa bega, kila mtu na kasia lake. Bernardo na mimi tulikaa nyuma ya migongo yao, karibu na omo, ncha ya mbele ya boti.

Yale mazunguko saba ya siku ya kwanza yalikuwa na sababu ya kipuuzi. Theodosia alipaza sauti, "Kulia!" akimaanisha kulia kwake. Sisi tunaotazamana naye tukavuta kulia kwetu. Kadiri alivyosahihisha ndivyo tulivyoharibu. Jioni ile tuliamua kuwa hakuna kulia wala kushoto tena. Kuna upande wa Limi na upande wa Leonidas, basi.

Siku ya pili Bernardo alianzisha wimbo wa kulimia ili twende pamoja. Tukaenda pamoja, ila tulivuta kama tunavyolima, tunainua kasia juu, tunalishusha kwa kishindo, tunalizika. Kila tulipolichomoa tulikuwa tumechoka na boti haijasogea.

"Msichimbe," Theodosia alisema. "Maji hayana mizizi."

Siku ile ile alitoa sheria nyingine, baada ya Bernardo kugeuka mara kumi kutazama kama kuna mwamba karibu. "Asigeuke mtu. Anayegeuka anapinda mgongo, mgongo unapinda kasia, kasia linapinda boti. Mbele ni kazi yangu. Ninyi tazameni nyuma mvute."

Siku ya tatu tulikuwa tunavuta vizuri, tena kwa pamoja, na boti ilikuwa inapinda. Siku ya nne vilevile. Siyo kuzunguka tena. Ilikuwa inakwenda ikielekea upande wa Leonidas, kidogo kidogo, mpaka tunajikuta kwenye matete tuliyoyaacha mbali. Tulibadilishana makasia. Tukahamisha mawe ya uzito. Haikusaidia.

Nilikuwa nyuma ya mgongo wa Leonidas, na siku ya nne ndipo nilipoacha kutazama kasia langu nikamtazama yeye. Shingo yake ilikuwa imegeukia majini, kidevu juu ya bega, na mwili wote umejikunja kufuata shingo. Alivuta hivyo mwanzo hadi mwisho. Nikamtazama Theodosia. Naye alikuwa amegeuza uso upande ule ule, kwenye matete, kwa sababu mbele yake kulikuwa na uso wa mkwe. Mwenye nguvu zaidi anavuta akiwa amejipinda, na mshika usukani haoni anakokwenda. Limi alikuwa anajua. Bernardo alikuwa anajua. Nadhani hata wale watoto walijua. Hakuna aliyesema, kwa sababu jambo lenyewe halisemwi.

Niliona aibu, tena kubwa. Siku nne nilikuwa nimewagombeza watu wawili kwa kosa la heshima.

Tulipofika ufukweni nilimfuata Theodosia akisafisha miguu. "Dada, inabidi utazame mbele."

"Mbele yupo yeye."

"Basi nimhamishe bao."

"Ukimhamisha, nani atatoa mwendo? Wewe?"

Aliyetupatia dawa ni Limi, aliyekuwa amesimama majini akitusikiliza bila haya yoyote. Alifungua kitenge chake cha juu, akakikunja mara nne. "Mpiga kasia haoni aendako hata akiwa na macho," alisema. "Sasa macho ya nini? Tuyafunge. Mama atatazama mbele, mkwe hataona kitu, na mila iko salama."

Bernardo alisema hilo halijapata kufanywa. Limi akamwambia hata kijiji cha pamoja kilikuwa hakijapata kufanywa, mbona tuko ndani yake.

Siku ya tano Leonidas alivuta akiwa amefungwa macho kwa kitenge chekundu chenye picha za kuku. Mgongo wake ulinyooka kama mlingoti. Theodosia aliinua uso akatazama mbele kwa mara ya kwanza, na boti ikaenda hadi kwenye mwamba wa katikati ya ghuba na kurudi kwenye kigogo kile kile tulikoifungua. Watoto waliimba "Kipofu avuka! Kipofu avuka!" na safari hii sikukasirika hata kidogo. Nilifurahi mno. Nilikwenda nyumbani nikiwa na malengelenge kumi na moja na nikala kama mchimba kisima.

Tulipanga kumpeleka Deodata Jumatatu, wiki mbili kabla ya siku zake, akangojee kule kule hospitali. Uchungu ukaja Ijumaa alfajiri.

Tulipomlaza omoni, juu ya mkeka na nyasi, jua lilikuwa linachomoza. Esperansia alimfunika blanketi la zahanati, akaniambia sikioni kwamba ameanza kutoka damu na tusikawie. Yeye hakuweza kuja. Alikuwa peke yake zahanatini na foleni ya watoto wa surua. Leonidas alimshika mkewe mkono, akaachia, akaja kukaa kwenye bao lake, akainamisha kichwa ili Limi amfunge. Deodata sasa alikuwa nyuma ya migongo yetu sote. Aliyeweza kumwona alikuwa mtu mmoja, yule aliyeshika usukani.

"Asigeuke mtu," Theodosia alisema.

Tukavuta. Bernardo hakuimba wimbo wa kulimia siku hiyo. Alihesabu tu, moja, mbili, kwa sauti ya chini. Nyuma yangu nilimsikia Deodata akiguna kila uchungu ulipomjia, na katikati ya uchungu akiuliza tumefika wapi. Mama yake alimjibu, "Karibu," tangu hatua mia za kwanza.

Tulipoupita mwamba, Theodosia akasema, "Mvua."

Hatukugeuka, lakini tulisikia ubaridi mgongoni. Mvua ilikuwa imeshuka ng'ambo, akatueleza, imefunika misheni, imefunika mlima wake, imefunika pwani yote. Mbele hakuna kitu, ni ukuta mweupe. Na ukingo ule, kila mtu anajua, una matete maili nzima na gati moja tu. Ukilikosa gati unaingia kwenye matete, na humo boti haipiti wala mtu hatembei.

"Tungoje ipite?" Bernardo aliuliza.

Theodosia alimtazama Deodata juu ya vichwa vyetu. "Hapana."

Ndipo Leonidas aliposema, ndani ya kitenge chake, akielekeza maneno kwa Limi kama ilivyo desturi. "Limi, mwambie mama. Nyuma yetu kumefunikwa?"

Nyuma yetu, yaani kule tulikotoka na tulikokuwa tunakutazama, kulikuwa na jua.

"Mwambie mama," Leonidas akaendelea, "ofisi na ghala ni vigingi viwili. Mpaka sasa tumekwenda sawa. Ofisi ya chini na ghala la juu vikikaa vilivyokaa sasa hivi, mstari haujapinda. Ofisi ikihamia upande wa Limi, boti ifuate upande wa Limi. Ikihamia upande wangu, ifuate upande wangu. Tuifuate ofisi tu."

Kuifuata ofisi tulikuwa tumeshazoea. Shida ilikuwa kuiona. Kutoka pale ofisi ilikuwa nukta nyeupe na ghala nukta ya kung'aa. Theodosia alikuwa ameipa kisogo na usukani mkononi. Mimi niliona mlima. Bernardo aliona mlima kwa shida. Limi alikodoa macho akasema anaona nukta nyeupe tatu, hajui ipi ni ofisi na ipi ni mbuzi. Ndani ya boti ile macho ya kazi hiyo yalikuwa mawili tu, nayo yalikuwa yamefungwa kitenge cha kuku.

"Limi," Theodosia alisema. "Mfungue."

"Mama?"

"Mfungue mkwe wangu."

Limi alimfungua kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye kasia. Leonidas alibaki ametazama sakafu ya boti. Kisha aliinua macho, nami niliona shingo yake ikikakamaa.

"Limi, mwambie mama ofisi iko chini ya pembe ya ghala, ya upande wako."

Limi akamwambia. Theodosia akasogeza usukani. Tukavuta mara tano.

"Limi, mwambie mama imehamia upande wangu."

Limi akamwambia, ila alikuwa anahema, akachelewa, na tulipomaliza kusogea upande wa Leonidas tulikuwa tumeshapitiliza.

"Niambie mwenyewe," Theodosia alisema. "Maji hayasubiri mkalimani."

Tukavuta mara tatu au nne. Bernardo aliacha kuhesabu.

"Upande wa Limi, mama," Leonidas alisema.

"Upande wa Limi," alijibu Theodosia, na boti ikafuata.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, sijui kwa muda gani. "Upande wangu, mama." "Upande wako." "Hapo, mama. Shikilia hapo." "Nimeshika." Ndiyo mazungumzo yao ya kwanza tangu wawe wakwe, na hayakuwa na neno la ziada. Deodata aliguna mara mbili hivi, kisha nikawa simsikii. Nilidhani uchungu umempa nafasi amelala kidogo, nikashukuru. Theodosia aliendelea kusema "Vuta" kwa sauti ile ile, ya mtu anayeita kuku. Mara moja tu, mbele yangu, kasia la Leonidas lilikosa maji, likapita hewani, karibu anigonge nalo. Nikafikiri jasho limemwingia machoni. Kasia lililofuata lilishika, na lililofuata, na tangu hapo alivuta kwa namna ambayo Limi mwenyewe alilalamika.

Tulipoingia kwenye mvua ofisi na ghala vilipotea, lakini Theodosia alisema, "Gati," na lilikuwa hapo, mbele ya omo hasa, kana kwamba tulilivuta kwa kamba.

Sasa nitasema kitu kilichoniudhi. Boti iligonga mbao, wahudumu wa hospitali wakaja mbio na machela, mimi na Bernardo tukaruka kuwasaidia, na wale wawili hawakusogea. Leonidas alikuwa bado ameshika kasia, ameupa kisogo mkeka wa mkewe. Theodosia alikuwa bado ameshika usukani wa boti iliyosimama. Wanatazamana. Niliwagombeza. Niliwauliza kama walikuja kuvua samaki.

Mtawa mmoja aliingia omoni akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwa Deodata. Blanketi lilikuwa limelowa damu na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Yule mtawa alikaa hivyo muda mrefu.

"Yuko," alisema. "Haraka."

Hapo ndipo Leonidas alipogeuka. Theodosia aliachia usukani, akakaa ndani ya maji yaliyojaa sakafuni. Nikafikiri ni uzee.

Walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama sungura, akalia. Deodata alikaa kule wiki tatu. Tulirudi kumchukua siku ya utulivu, tukapinda kidogo tu, na hakuna aliyetucheka.

Limi hana siri. Kabla mtoto hajatimiza mwezi, kijiji kizima kilijua kwamba Leonidas alifunguliwa macho mbele ya mama mkwe wake, wakasemeshana. Faustini, shemeji yake Theodosia na mkubwa wa ukoo ule, alikuja kwangu na malalamiko. Mkwe aliyemtazama mkwewe hutoa mbuzi na jembe, la sivyo balaa humwangukia mtoto. Nilimwambia mtoto ameshapata balaa zake zote kabla hajazaliwa. Hakucheka. Nikaitisha kikao, ofisini, kwenye kuta za chokaa.

Leonidas alikaa karibu na mlango. Theodosia alikaa upande wa pili, kitenge kimefunika uso. Mila ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba haikupata kutoka.

"Hakunitazama," alisema Theodosia kabla hajaulizwa. "Alitazama ghala. Mimi nilikuwa njiani tu."

Ilikuwa njia nzuri ya kumaliza shauri, na nilitaka kuishika. Faustini naye alilegea. Alimgeukia Leonidas kwa ajili ya kukamilisha tu. "Umesikia. Ulitazama ghala?"

"Nilitazama ghala, baba," Leonidas alisema. "Na yeye nilimtazama."

"Ghala liko juu, uso uko chini. Macho yako yalishuka kufanya nini?"

"Mke wangu alikuwa nyuma yangu, baba, na tulikuwa tumekatazwa kugeuka. Ningemwona wapi? Nilimwona usoni mwa mama."

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Uliona nini?" Faustini aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya shauri.

"Niliona amekufa."

Mimi nilikumbuka lile kasia lililopita hewani. Nilikumbuka jinsi nilivyowagombeza gatini, na nikatamani sakafu initwae.

Theodosia alishusha kitenge. Alimtazama mkwe wake mbele ya wazee wote wa ukoo, bila kupepesa.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Alinyamaza, mkono ukaanguka. Nikasema nikibadilika uso, huyu ataacha kuvuta. Nilidhani nimekuficha."

"Ulinificha vizuri sana. Ndiyo maana nikajua."

"Na ukaendelea kuvuta."

"Na wewe hukuachia usukani, mama," Leonidas alisema. "Nikasema, aliyemzaa bado ameshika. Mimi niache kwa nini?"

Nilikifunga kikao. Mbuzi hakutajwa tena, wala jembe.

Jumamosi iliyofuata nilipita katikati ya mistari yetu ya nyumba nikamkuta Leonidas anabomoa matofali ya mlango wake wa mbele kwa sururu, vumbi limemjaa kichwani. Upande wa pili, kizingitini kwake, Theodosia alikuwa amekaa na mtoto mapajani, akimtazama mkwewe. Tofali la mwisho lilianguka, mlango ukawa wazi, na Theodosia hakugeuka.